Viazi lishe vina maji na ni GMO? Tukate mzizi wa fitina, watu wa Kanda ya Ziwa

Ng'wana Kisesa (mleta mada):

Wakuu, mwadila.

Kuna ubishi unazunguka sana huku kwetu, kuanzia Kisesa hadi Misungwi, nimeona niulete jukwaani. Ukikaa kwenye kikao cha kikundi au ukisimama mnadani, mambo mawili lazima uyasikie kuhusu viazi lishe, yaani vile viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Moja, vina majimaji, ukianika michembe (vipande vya kiazi vya kukausha) unaambulia maganda. Pili, ile rangi ya karoti imechomekwa maabara, kwa hiyo ni GMO, yaani zao lililobadilishwa jeni. Wanaosema hivyo wamelelewa na kiazi: asubuhi kiazi na chai, mchana michembe na karanga, kiangazi matobolwa, vile vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Huwezi kumwambia Msukuma kwamba hajui kiazi. Kwa hilo la kwanza wana hoja, ila hakuna aliyewapa sababu. Hilo la pili ni uzushi, na ukweli uliojificha nyuma yake unachekesha kuliko uzushi wenyewe.

Nilisomea kilimo, upande wa kuzalisha aina mpya za mazao. Sina mradi, siuzi mbegu. Uzi ni mrefu, asiye na bando apite.

Tuanze na maji. Sisi tunapenda kiazi kinachokaba koo, kinachodai chai pembeni. Kitaalamu hicho ni kiazi ambacho ukikikausha kabisa kinabaki na asilimia 30 au zaidi ya uzito wake, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni wanga. Aina za Marekani kama Beauregard zinabakia na karibu asilimia 20. Yaani kilo kumi za cha kwetu zinakupa kilo tatu, za kile zinakupa mbili. Wamarekani hawakukosea. Kwao kiazi kinaokwa, kinatakiwa kiwe laini na kitamu kama keki. Ila mwanamke wa Magu anayeanika juu ya mwamba hiyo kilo ya tatu ndiyo faida yake.

Sasa swali: je, rangi ndiyo inayoleta maji? Watafiti walimchumbisha Beauregard na aina nyingine inayoitwa Tanzania. Msicheke, ipo kweli. Ni kiazi cha Afrika Mashariki, ndani kina rangi ya maziwa inayoelekea njano, kikavu, kinavumilia virusi. Wakapata watoto 315, wakapima rangi na wanga wa kila mmoja, wakasoma na DNA ya kila mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 3 wakakuta jeni mbili majirani. Moja inatengeneza kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kuunda beta-karotini, ile rangi ya chungwa ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Ya pili inatengeneza kimeng'enya kinachovunja sukari iliyoshuka kutoka kwenye majani ili igeuzwe wanga. Kwenye ukoo wa Beauregard, ile ya rangi ina nguvu na ile ya wanga imelegea. Na kwa kuwa zimekaa jirani, zinarithiwa pamoja kama abiria wawili wa tiketi moja. Ukimchagua mtoto kwa rangi yake, ulegevu wa wanga unamfuata bila kualikwa. Kuna jeni nyingine ya rangi kwenye kromosomu ya 12, nayo ina mchango wake, ila tusiende mbali.

Kwa hiyo rangi haileti maji. Ni ujirani tu. Na majirani hutenganishwa, maana kila mmea unapotengeneza chavua au yai, kromosomu hubadilishana vipande. Mara mojamoja anazaliwa mtoto mwenye rangi ya upande huu na wanga wa upande ule. Kazi ni kumpata.

Na hapo ndipo kiazi kitamu kinapowatesa watu wa fani yangu. Binadamu ana nakala mbili za kila jeni. Kiazi kina sita: kromosomu za aina 15 mara sita, jumla 90. Chukua sifa inayojitokeza pale tu nakala zote zinapokuwa za aina moja. Kwa mmea wa nakala mbili, wazazi wote wakiwa nusu kwa nusu, mtoto mmoja kati ya wanne anaionyesha. Kwa kiazi, mzazi mwenye tatu kwa tatu anatoa chavua yenye nakala tatu, na nafasi ya zote tatu kuwa za ile sifa ni 1 kati ya 20. Mama naye 1 kati ya 20. Zidisha: mtoto mmoja kati ya 400. Hiyo ni sifa moja tu. Ukitaka rangi, ukavu, uvumilivu wa virusi na rando (kile kipande cha kupandia) lisilokufa kiangazi, vyote kwenye shina moja, andaa maelfu ya mbegu na moyo wa subira. Juu ya hapo, ua la kiazi linakataa chavua yake lenyewe, kwa hiyo huwezi kulizalisha peke yake ukanyoosha ukoo kama tunavyofanya kwenye nyanya.

Pamoja na tabu zote hizo, yupo aliyefanikiwa. Mganda Robert Mwanga na wenzake walitoa Kabode mwaka 2007, kiazi cha rangi ya chungwa chenye ukavu wa karibu asilimia 30. Mwaka 2016 yeye, Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis wakapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Kabode kimefika hadi huku. Kwa hiyo mtu akikwambia "viazi lishe vina maji", muulize: kipi? Jewel ya Marekani au Kabode? Sokoni zote zinaitwa viazi lishe, na hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Habari ya GMO nitaishusha ikiulizwa. Najua itaulizwa.

Nansio Kwetu:

Mkuu, yaani kiazi chenye jina la nchi yetu kimezalishwa watoto 315 huko na sisi hatujatumiwa hata kadi ya mwaliko? 😂

Halafu sisi Ukerewe tuna kiazi chenye jina la kisiwa chetu, Ukerewe, cheupe, kinapandwa kanda nzima. Na chenyewe kimesomwa?

Ng'wana Kisesa:

Nansio Kwetu, kuhusu Ukerewe sina la kukupa. Ila hicho chenye jina la nchi subiri nikupe kali zaidi. Mwaka 2025 ndicho kilichokuwa kiazi kitamu cha kwanza kusomwa kromosomu zote 90, kila nakala kivyake. Aliyeongoza kazi ni Zhangjun Fei wa taasisi ya Boyce Thompson, Marekani. Kabla ya hapo watu walikuwa wakisoma ndugu zake wa porini wenye nakala mbili, wanakisia ya kwetu kutokea pale, maana nakala sita zinazofanana zilikuwa zinachanganya hata kompyuta. Matokeo yanaonyesha ukoo uliochanganyika: karibu theluthi moja inafanana na mmea wa porini wa Ecuador, nyingine inaelekea kwa ndugu zake wa Amerika ya Kati. Na vipande vya koo hizo havikujitenga, vimeingiliana ndani ya kromosomu moja.

Faida yake kwa mkulima haiji kesho. Ila mzalishaji mwenye ramani hiyo anaweza kukata jani la mche mchanga, akasoma alama za DNA, akatupa miche isiyofaa kabla haijafika shambani. Wale 400 niliowataja huna haja ya kuwapanda wote hadi wazae.

Mzee wa Matuta:

Vijana nawasoma. Mimi nimelima viazi kwenye luseni, udongo wa kichanga, tangu enzi za pamba kuwa pamba. Sisi hatukuwa na hizo jeni zenu na tulivuna. Sasa hivi unapanda rando mwaka wa kwanza unapata, wa pili nusu, wa tatu majani yamejikunja, mmea umedumaa, kiazi kama kidole. Mmetuletea magonjwa pamoja na hizo rangi zenu. Rando limechoka. Jibuni hilo kwanza.

Mama Marando Misungwi:

Shikamoo mzee wangu. Naomba nijibu mimi kabla ya mwanasayansi, maana marando ndiyo biashara yangu.

Rando halichoki, linaumwa. Angalia tunavyofanya. Mvua zikikata, shamba la mlimani linakauka, marando yanabaki bondeni na kandokando ya ziwa kwenye unyevu. Hapo hapo ndipo nzi weupe na vidukari wanapojazana kiangazi kizima, kwa kuwa hakuna kijani kingine. Vuli ikianza tunakimbilia kukata yale yale, tunapandikiza na ugonjwa wake. Mwaka unaofuata vivyo hivyo. Halafu tunakata rando kwenye shina gani? Lenye marando mengi ambalo halikuzaa vizuri, lile lililozaa tumeshalifukua. Tunachagua wabovu wenyewe, mzee.

Ule mradi wa Marando Bora ulioanza 2009 hapa Kanda ya Ziwa ndio ulionifungua macho. Baadaye nikajifunza kufunika kitalu kwa neti ndogo iliyopinda kama handaki, mdudu haingii. Marando ya humo ndani na ya nje ukiyapanda jirani, hata mtoto anatofautisha. Neti ni gharama, sidanganyi, na ikitoboka usipoiona umekwisha. Na magonjwa hayakuja na viazi vya rangi. Vyeupe vyangu vya zamani viliugua vilevile.

Ng'wana Kisesa:

Mama, umemaliza. Mzee wangu, marahaba zote ni zako, naongeza kidogo kinachotokea ndani ya jani, kwa sababu ni kisa cha aina yake.

Virusi wakuu ni wawili. Mmoja anabebwa na vidukari, mwingine na nzi weupe. Yule wa vidukari akiingia peke yake mmea unamkabili. Kirusi anajizalisha kwa RNA, ujumbe wa kijeni ulioandikwa kwa herufi kama DNA. Mmea ukiiona unaikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24, kisha unatumia vipande hivyo kama picha za mtuhumiwa kumsaka aliyebaki. Aina nyingi za kwetu hujisafisha kabisa zikishambuliwa na huyo peke yake. Ndiyo maana mzee unakumbuka enzi ambazo rando lilidumu.

Akija wa nzi weupe, mambo yanageuka. Huyu ana kimeng'enya chake kinachozikatakata zile picha tena, zinabaki vipande vya herufi kama 14 hivi visivyomtambulisha mtu. Mmea unapofushwa. Hapo yule wa vidukari anaongezeka hadi mara 600. Hao wawili pamoja ndio wanaokupa jani lililojikunja na kiazi kama kidole, na mavuno kupungua zaidi ya nusu ni kawaida. Mwaka 2009 watafiti wa kituo cha viazi cha kimataifa kule Peru walithibitisha kwa kuingiza ile jeni moja ya kirusi kwenye mmea wa kiazi, bila kirusi mwenyewe. Mmea ukapoteza kinga dhidi ya virusi wengine pia. Jeni moja tu.

Kwa hiyo neti ya Mama Marando inamzuia nzi mweupe, na ukimzuia huyo, mmea una uwezo wa kummudu yule mwingine wenyewe. Na maabara za tishu zinaanzia mbali zaidi: wanapasha mmea joto, wanakata ncha changa kabisa ya chipukizi ambako mara nyingi virusi hawajafika, wanaiotesha kwenye chupa, wanapima, ndipo inaongezwa. Hakuna kinachobadilishwa kwenye jeni za kiazi hapo. Ni kuogeshwa tu.

Kijana wa Igoma:

Sawa mwalimu, ila umejichanganya mwenyewe. "Wameingiza jeni kwenye mmea wa kiazi", umeandika kwa mkono wako. Halafu unasema viazi lishe siyo GMO. Tukuamini wapi?

Ng'wana Kisesa:

Nilikuwa nakusubiri kijana wangu.

Jaribio la Peru lilikuwa la maabara ili kuelewa ugonjwa, mmea ule haukwenda shambani kwa mtu. Kabode, Jewel na vinginevyo tunavyolima vimepatikana kwa chavua na mbegu, nyuki na mikono ya watu. Ejumula ndiyo kabisa, ni kiazi cha wakulima wa Uganda, rangi yake walikuwa nayo kabla mtafiti hajapiga hodi. Na hapa Tanzania hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kwa mkulima. Mahindi ya majaribio yalipandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, ndani ya uzio, yakaishia huko.

Sasa ule ukweli nilioahidi. Kuna bakteria wa udongoni anaitwa Agrobacterium. Kazi yake ni kuingiza kipande cha DNA yake ndani ya seli ya mmea ili mmea umtengenezee chakula. Ndiye huyo huyo ambaye maabara za dunia humtumia kutengeneza GMO, wanampa mzigo wanaoutaka apeleke. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na hao wa Peru, walikuwa wanatafuta virusi kwenye kiazi kitamu, wakakuta DNA ya Agrobacterium imekaa humo kama mwenye nyumba. Wakapima aina 291 zinazolimwa. Zote zilikuwa nayo. Ndugu zake wa karibu wa porini waliopimwa hawakuwa na kipande hicho. Kwa hiyo iliingia yenyewe, zamani, kabla ya maabara, na mababu wa Amerika wakaendelea kukichagua kiazi chenye kipande hicho. Baadhi ya jeni zilizomo zinahusika na homoni ya ukuaji, na wapo wanaodhani zilisaidia mzizi kunenepa, ila hilo halijathibitishwa.

Maana yake, kama tatizo lako ni jeni ya kiumbe kingine ndani ya kiazi, basi na kile cheupe cha bibi kinayo. Ulikula asubuhi.

Kijana wa Igoma:

Duh. Naomba nikae kwanza.

Nansio Kwetu:

Kwa hiyo bibi yangu alikuwa anakula GMO miaka yote na akafikisha tisini 😂😂 Mkuu hii naipeleka kijiweni leo.

Binti Mkuyuni:

Jamani mimi siyo msomi wa jeni, nauza michembe. Niongee biashara. Hata kikiwa kikavu, mnunuzi wangu anataka michembe nyeupe. Ya rangi akiiona anadhani imechacha. Wanaoipenda ni kina mama wenye watoto wadogo waliosikia kliniki. Nikaamua niiweke ghalani nisubiri bei ya kiangazi. Ilipofika Agosti ile rangi imepauka, inakaribia nyeupe. Sasa hapo vitamini ipo au nimeuza unga wa kawaida kwa bei ya dawa?

Ng'wana Kisesa:

Dada, hilo swali ni zuri kuliko uzi wangu wote.

Rangi ndiyo vitamini yenyewe, au tuseme malighafi yake. Ikipauka, imepungua. Beta-karotini inavunjwa na hewa na mwanga. Watu wengi wanalaumu jua la kuanikia, lakini utafiti uliofanyika Uganda na Msumbiji ulionyesha upotevu mkubwa uko ghalani, kwenye ile miezi ya kusubiri bei. Oksijeni inaendelea kuila polepole hata gizani. Kiazi cha rangi kilichochemshwa kikitoka shambani, gramu 125 hivi zinatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Michembe ya Agosti siwezi kukuhakikishia hata nusu.

Kwa hiyo kama unauza kwa jina la lishe, uza mapema, kata vipande visiwe vyembamba mno, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka gizani. Ukitaka kusubiri bei ya kiangazi, anika nyeupe. Mimi mwenyewe naona kiazi cha rangi kiliwe kibichi, kwa maana ya kuchemshwa kikitoka shambani, michembe tuiachie viazi vyetu vya Polista na Ukerewe. Wataalamu wa miradi hawapendi nikisema hivyo.

Mama Marando Misungwi:

Mimi sikubaliani, mwanangu. Ukimwambia mkulima kiazi hiki hakifai kuhifadhiwa hatakipanda, ana familia ya kulisha hadi Novemba. Bora michembe iliyopoteza nusu kuliko nyeupe ambayo haikuwa nayo tangu mwanzo. Tena wengine tunapanda kidogo kidogo bondeni, watoto wanapata kibichi hata kiangazi.

Ng'wana Kisesa:

Mama, hoja ya bonde naipokea. Ya michembe tutabishana tukikutana Ukiriguru, pale kituo cha utafiti wa kilimo, siku ya wakulima.

Mzee wa Matuta:

Nimesoma yote, mjukuu wangu alikuwa ananisomea. Hiyo Kabode nitaijaribu, tuta mbili tu. Mama Marando uniwekee mzigo kabla ya vuli, nitamtuma kijana wa bodaboda.

Lakini mmeongea virusi, mmeongea nzi, hakuna aliyemtaja fukusi anayetoboa viazi wala fuko. Hao ndio wanaonimaliza. Jeni zao zimepatikana?

Ng'wana Kisesa:

Babu, fukusi kuna mwanga. Uganda kuna aina inaitwa New Kawogo, ganda lake lina kemikali zinazomfanya fukusi asishamiri, na watafiti wanafuatilia jinsi sifa hiyo inavyorithiwa. Kwa sasa pandishia udongo nyufa zisionekane na uvune mapema.

Fuko hana jeni ya kumzuia. Huyo tega.